Mama ni Nani?

Miongoni mwa maneno yote yasikikayo sokoni, stesheni na mashambani katika Nakuru, ni vigumu kupata lililo jepesi kuliko neno mama. Ni silabi moja tu iliyotamkwa mara mbili. Mtoto asiye na meno hulisema, na mgeni aliyeshuka katika basi asubuhi ya leo hulitambua hata kama hajui neno jingine la Kiswahili. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba hapa, angalau, pana neno moja lisiloweza kumpoteza mtu. Lakini karani yeyote aliyepata kukaa mezani na kujaza fomu za watu wa makabila mbalimbali anajua kwamba sivyo. Neno jepesi ndilo lipitalo bila kuulizwa, na neno lisiloulizwa ndilo lizaalo makosa.

Yafaa kukumbuka jinsi mji wenyewe ulivyopata watu wake. Jina Nakuru ni la Kimasai, na wengi hulifasiri kuwa mahali pa vumbi. Naye aliyepita huko mwezi wa Februari hatabisha. Wamasai waliondolewa katika sehemu hiyo ya Bonde la Ufa kwa mapatano ya mwaka 1904, na mwaka huo huo Nakuru ikatangazwa kuwa mji. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imekwisha kufika ziwani mwaka 1901, nayo ilijengwa kwa mikono ya Wahindi zaidi ya 30,000, ambao baadhi yao walibaki nchini, wakafuatwa na wenzao wenye maduka. Walowezi wa Kizungu wakachukua ardhi, wakataka watu wa kazi. Wakikuyu wakaja kutoka mashariki, Wakipsigis, Wanandi na Watugen kutoka magharibi na kaskazini, Waluhya, Wajaluo na Wakisii kutoka upande wa ziwa. Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ilikuwa na zaidi ya miaka 100 ya kuwa mahali ambapo kila mtu amelazimika kusema na mtu asiyekuwa wa kwao. Lugha ya kukutana ilikuwa Kiswahili, na kila mmoja alikiingia akiwa na maneno ya nyumbani kwake mfukoni.

Basi na tuwatazame Wakikuyu kwanza. Katika Kikuyu, mama si mwanamke. Mama ni ndugu wa kiume wa mzazi wa kike, yaani mjomba. Mzazi wa kike mwenyewe ana majina matatu, na kila moja lina mwenye kulitumia: wangu mimi ni maitũ, wako wewe ni nyũkwa, wa mtu mwingine ni nyina. Hata baba ni vivyo hivyo: wangu ni baba, wako ni thoguo, wake ni ithe. Lugha hiyo haikubali kumtaja mzazi akielea hewani bila mwenyewe. Mtu aliyezoea utaratibu huo anapoingia katika Kiswahili hukuta neno moja, mama, likitumika kwa wote, nalo ni lile lile aliloambiwa tangu utotoni kuwa ni la mjomba wake. Mzee wa Kikuyu wa zamani aliyefika sokoni Nakuru kwa mara ya kwanza na kusikia mwanamke muuza viazi akiitwa “mama, mama,” alikuwa na haki ya kujiuliza mwanamke huyo amekuwaje mjomba wa watu wote. (Neno nyũkwa nalo siku hizi lataka uangalifu. Limetumiwa mno katika magomvi hata limechafuka, kama vile “mamako” lilivyochafuka katika Kiswahili cha mabasi.)

Wakalenjin je? Jina hilo Kalenjin lenyewe ni funzo, kwa kuwa maana yake ni “nakuambia,” nalo lilienea katika miaka ya 1940 kuwa jina la jamii nzima. Lugha zao hazina undugu na Kikuyu. Ni za ukoo mwingine kabisa, ulio karibu na Kimasai na Kijaluo kuliko lugha yoyote ya Kibantu. Hata hivyo Mnandi au Mkipsigis akisema mama, naye anamtaja mjomba. Mzazi wa kike kwao ni kamet. Hivyo Mkikuyu wa Njoro na Mkipsigis jirani yake, ambao hawaelewani kwa neno moja katika 50, wakikutana njiani na mmoja akisema kwamba anakwenda kwa mama, mwenzake ataelewa bila shida. Atakayepotea ni Mswahili aliyesimama kati yao.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba Mhindi wa dukani pia ataelewa. Katika Kigujarati, Kipunjabi na Kihindi, mama ni ndugu wa kiume wa mzazi wa kike. Mkewe huitwa mami. Wala cheo hicho si cha jina tu. Katika arusi ya Kigujarati mjomba ndiye aletaye zawadi ziitwazo mameru kwa mtoto wa dada yake, zikiwa nguo na vito, na yeye ndiye humwongoza bibi arusi mpaka penye kibanda cha ndoa. Katika Wakikuyu na Wakalenjin vile vile mjomba ni mtu mzito. Baraka yake hutafutwa kabla ya jambo kubwa la mtoto wa dada yake, na laana yake huogopwa kuliko ya jamaa wengine. Watu hawa watatu, mmoja kutoka mlima Kenya, mmoja kutoka nchi za mto Nile, mmoja kutoka ng’ambo ya Bahari ya Hindi, waliishi Nakuru wakitazamana kama wageni kwa miaka mingi, na mtu yule yule mwenye heshima katika nyumba zao walimwita kwa jina moja.

Tena kuna mzaha mdogo ndani ya jambo hili ambao msomaji anaweza kumpelekea rafiki yake Mgujarati. Swali la Kiswahili “Mama ni nani?” lina maneno matatu, nayo yote matatu yamo katika Kigujarati kwa sauti ile ile. Mama ni mjomba. Ni ni “ya” au “wa,” litajapo mtu au kitu cha kike. Nani ni bibi mzaa mama. Kwa hiyo Mswahili anauliza mama ni mtu gani, na Mgujarati anasikia habari za bibi wa mjomba. Hakuna aliyekosea hata herufi moja. Maneno kaka na dada nayo yamo: kwa Mswahili ni ndugu wa kiume na wa kike, kwa Mgujarati kaka ni ndugu wa baba, na dada ni babu! Msichana wa Kiswahili aliyeitwa dada mbele ya watoto wa mwenye duka aliweza kuchekwa bila kujua kwa nini.

Wako, kwa kweli, watu ambao mama ni mama. Wajaluo husema hivyo, na Waluhya wengi pia, ingawa Wabukusu husema mayi. Waganda huvuta sauti kidogo tu. Lakini hata kwao neno ni pana kuliko anavyodhani mtu aliyelisoma katika kitabu cha shule. Dada wa mzazi wako ni mama mdogo au mama mkubwa, naye huitwa mama tu, bila kuongeza neno, kwa kuwa kuongeza ni kama kumsukuma mbali. Mke wa baba yako ni mama. Mwanamke mtu mzima yeyote ni mama. Kiswahili cha pwani cha zamani kilikuwa na neno jingine kwa mzazi mwenyewe, yaani nina, ambalo ni ndugu wa karibu wa nyina la Kikuyu, limebaki katika mashairi, na katika mazungumzo ya kila siku nina sasa maana yake ni “mimi ninayo.” Laiti neno hilo lingalihifadhiwa, makarani wangalipunguziwa kazi.

Sasa tufikie Wakisii, ambao kwao jambo limegeuka juu chini. Katika Kikisii mzazi wa kike ni baba. Mzazi wa kiume ni tata. Msomaji asidhani kwamba ni kosa la mpiga chapa: baba ni mama. Tata, kwa Mkikuyu, ni shangazi au mama mdogo, na kwa Mswahili ni fundo lisilofunguka, ambalo pengine ndilo jina linalofaa kwa habari hii yote.

Tuseme mtoto wa miaka mitatu, wa nyumba ya Kikisii, amepotea katika kituo cha mabasi siku ya soko. Analia kwa sauti yake yote, “Baba! Baba!” Watu wema wanamzunguka. Wanamuuliza baba yake amevaa nini. Wanatazama wanaume. Mwanamke mwenye kapu anapita mbio akitafuta, amechanganyikiwa, na hakuna amwitaye kwa kuwa mtoto hakulilia mama. Hapo hakuna mtu mbaya hata mmoja, wala hakuna aliyesema uongo. Ni neno la silabi mbili lililosimama kati ya mtoto na mzazi wake. Mwuguzi wa hospitali anayepokea mtoto mwenye homa usiku, naye akauliza nani amemleta, yumo katika hatari hiyo hiyo. Jibu la mtoto ni kweli, lakini kweli yake imo katika lugha nyingine.

Mambo haya si ya Nakuru peke yake. Mashariki ya Bahari Nyeusi iko nchi iitwayo Georgia, ambayo watu wake wana lugha ya kale na herufi zao wenyewe. Katika lugha hiyo mama ni baba, na mzazi wa kike ni deda. Kasisi naye huitwa mamao, kama vile Wakatoliki wa kwetu wanavyomwita padre Baba. Stalin, yule mtawala wa Urusi aliyetisha dunia, alizaliwa mji wa Gori katika nchi hiyo mwaka 1878, na lugha yake ya utotoni ilikuwa Kigeorgia; kwa hiyo alipokuwa mdogo neno mama kwake lilikuwa jina la mwanamume. Warusi waliotawaliwa naye, kwa upande wao, hutumia neno baba kwa mwanamke wa shamba au kikongwe, na kwa Wabulgaria baba ni bibi mzaa mama au mzaa baba. Mkisii angalisikilizana nao kidogo. Wapolandi humwita mzazi wa kiume tata, sawasawa na Wakisii. Wajapani humwita mzazi wa kike haha, nao wataalamu wa lugha yao husema kwamba sauti hiyo h ilikuwa p katika zama za kale, yaani kina mama wa Japani waliitwa papa.

Imekuwaje basi watu wasioonana wagawane sauti chache hizi, na kila mmoja azipe maana yake? Wengine hudai kwamba ni mabaki ya lugha moja ya kwanza, kabla ya mnara wa Babeli. Lakini kama ingalikuwa hivyo, maana ingalibaki moja, au karibu. Maelezo yaliyo na nguvu zaidi yalitolewa na Roman Jakobson, mtaalamu aliyezaliwa Urusi na kufundisha Marekani, katika makala iliyochapwa mwaka 1960. Alitumia maneno 1,072 yaliyokusanywa na Mmarekani George Murdock kutoka lugha nyingi za dunia, 531 ya mzazi wa kike na 541 ya mzazi wa kiume. Ilionekana kwamba katika maneno ya mzazi wa kike, asilimia 55 zilikuwa na sauti za puani kama m na n. Katika yale ya mzazi wa kiume, asilimia 15 tu.

Sababu yake ni ya kimwili. Mtoto anyonyaye amefunga midomo, na sauti pekee awezayo kuitoa hapo ni ya puani, mmm. Akiondolewa titi huinung’unikia sauti ile ile, naye akifungua kinywa inakuwa ma. Hana habari ya kumwita mtu yeyote; anataka maziwa. Ni wakubwa waliomzunguka ambao huisikia sauti hiyo na kusema, “Ananiita mimi.” Aliye karibu mara nyingi ni mzazi wa kike, basi katika lugha nyingi yeye hulipata neno. Lakini hakuna sheria inayowalazimisha watu. Watu wa Georgia walimpa mzazi wa kiume. Wengine walimpa mjomba. Mtoto hutoa sauti, na kabila hutoa maana. Ndiyo maana sauti hufanana duniani kote huku maana zikitofautiana hata kwa majirani wa boma moja.

Kuhusu mjomba, kuna jambo la kuongeza. Wazulu wa Afrika ya Kusini humwita mjomba malume, na neno hilo laweza kupasuliwa: ma ni mama, na lume ni mwanamume. Mjomba ni mama wa kiume. Mawazo hayo yamo katika makabila mengi ya Kibantu: kwamba upande wa kike wa ukoo una mwakilishi wake ambaye ni mwanamume, na kwamba upole na ulinzi wa mama huendelea kwa njia yake hata mama mwenyewe akiwa amekufa. Mkikuyu aliyemwita mjomba wake mama hakuwa amekosea njia. Alikuwa akisema jambo ambalo Mswahili angelihitaji sentensi nzima kulieleza.

Yote hayo ni mazuri kuyafikiri jioni, mtu akiwa ameketi na kikombe cha chai. Mchana, mbele ya hakimu, mambo huwa mengine. Katika mahakama za chini za Kenya lugha zinazotumika ni Kiingereza na Kiswahili. Shahidi mzee asiyejua vizuri lugha hizo husema kwa lugha yake, na mkalimani hufasiri. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo akiwa haelewi lugha ya kesi. Haki hiyo ni kubwa, lakini ubora wake ni ubora wa mkalimani mwenyewe. Hatari haipo pale mzee anaposema Kikuyu kitupu, kwa kuwa mkalimani mzuri atafasiri mama kuwa mjomba bila kusita. Hatari ipo pale mzee anapochanganya, akasema nusu Kiswahili nusu Kikuyu ili kumrahisishia hakimu kazi: “Shamba hili nilipewa na mama.” Karani huandika mama. Hakuna mtu wa kusimama na kuuliza, kwa sababu neno hilo kila mtu analijua.

Nakuru ni mahali ambapo sentensi kama hiyo ina uzito wa ekari. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na watu waliochanga fedha katika makampuni na vyama vya kununua ardhi. Ngwataniro na Ndeffo ni majina ambayo wakulima wa huko hawahitaji kuelezwa. Mtu aliweza kununua hisa kwa jina lake kwa faida ya jamaa, au kumwandikia mtoto wa dada yake, au kufa kabla ya hati ya shamba kutolewa. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 ina ngazi zake. Mtu akifa bila wasia, bila mke au mume na bila mtoto, wazazi wake hutangulia, kisha ndugu zake wa tumbo. Mjomba yuko nyuma huko, miongoni mwa jamaa wa mbali. Basi kati ya “shamba la mama” la Kiswahili na “shamba la mama” la Kikuyu kuna umbali wa ngazi nzima ya sheria. Kijana anayedai urithi wa mzazi wake ana kesi moja, na kijana anayedai alichoahidiwa na mjomba wake ana kesi nyingine kabisa, yenye ushahidi wa namna nyingine. Karatasi ikikosea neno hilo siku ya kwanza, wakili atakayeipata baada ya miaka 20 hatajua kwamba kuna kosa. Ataona neno la herufi nne, lililoandikwa vizuri kwa wino mweusi.

Zamani za mashamba ya Wazungu neno hilo hilo lilimharibia mtu jina. Kisetla, Kiswahili kile cha walowezi, kilikuwa na maneno machache, na kila neno lilikuwa na maana moja. Mtu wa kazi huko Rongai au Solai aliyeomba ruhusa ya kwenda kumzika mama alipewa siku zake. Akirudi mwaka wa pili kuomba tena kwa ajili ya mama, aliyekuwa dada mkubwa wa mama yake wa kwanza, au mke mwingine wa baba yake, au kama ni Mkikuyu alikuwa mjomba, mwenye shamba alikumbuka kwamba mama alikwisha kufa. Mbele ya macho ya bwana huyo mtu alikuwa mwongo aliyeshikwa. Kwa mtu mwenyewe lilikuwa ni jambo la ajabu kwamba mtu mzima mwenye elimu hajui kuwa binadamu ana kina mama wengi. Mambo ya namna hiyo hayakuandikwa katika kitabu chochote cha serikali, lakini kuaminiana kwa tajiri na mtu wake kuliliwa kidogo kidogo na maneno mepesi kama hayo.

Kuna upande mmoja ulio mzito zaidi, nao haufai kupitwa kwa sababu tu unaumiza. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka sura ya 12 ya Kitabu cha Waamuzi, jinsi watu wa Gileadi walivyoshika vivuko vya Yordani na kumwamuru kila apitaye aseme Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kuitamka sauti ile ya mwanzo, na kitabu kinasema walikufa watu 42,000. Mwishoni mwa Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mapigano yalifika Nakuru na Naivasha, na barabarani watu walisimamishwa na kutambuliwa kwa vitambulisho, kwa majina na kwa matamshi. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika nchi nzima. Mtu mzima aweza kuficha kabila lake akiwa na Kiswahili safi. Lakini mtoto akishikwa na hofu hulia kwa neno la kwanza alilolijua, na neno hilo, iwe ni maitũ au mama au mayi au baba, humtangaza yeye na wote walio pamoja naye. Wazazi wengi wa Bonde la Ufa walio na watoto wanaosema Kiswahili tupu nyumbani hawakuamua hivyo kwa sababu ya shule peke yake.

Makarani wenye busara wamekwisha kupata dawa ya kazi yao. Hawaandiki mama peke yake. Huandika mama mzazi, na kama kuna shaka lolote huuliza swali ambalo halina tafsiri mbili: “Ni nani aliyekuzaa?” Kwa mjomba huandika “ndugu wa mama mzazi,” ijapokuwa fomu nyingi hazikuacha nafasi ya maneno manne. Wako waliojiwekea desturi ya kumuuliza mzee jina lenyewe la mtu, kwa kuwa jina la mtu hueleza kama ni mwanamume au mwanamke, nalo halihitaji sarufi. Mwuguzi naye aweza kumwonyesha mtoto kwa kidole: huyu, au yule?

Wakati huo huo maneno yenyewe yanahama. Mtoto wa Kikuyu wa mjini siku hizi mara nyingi humwita mzazi wake mami, neno lililotoka kwa Waingereza, naye hajui kwamba Mgujarati akisikia atadhani anaitwa mke wa mjomba. Vijana wa Bondeni na Kaptembwo wenye kusema Sheng’ humwita mathe, na baba yao buda. Mjomba naye amekuwa anko. Neno hilo anko ni la kila mtu: ndugu wa mama, ndugu wa baba, rafiki wa baba, hata dereva wa basi la shule. Kwa hiyo arusini, wazee wanapouliza mama yuko wapi ili atoe baraka yake, kijana wa siku hizi hukimbia jikoni kumwita mzazi wake, na mwanamume anayetakiwa ameketi palepale karibu yake, naye akimwita anko.